Pwani Kabla ya Majahazi: Ziara Yangu ya Panga ya Saidi

Sisi tuliosomea Pwani ya Kenya tulifundishwa historia ya kwetu kana kwamba ililetwa na upepo wa kaskazi. Yalitangulia majahazi, wakafuata Waarabu na Washirazi, kisha Vasco da Gama akatia nanga Malindi mwaka 1498, na Wareno wakaanza kujenga Ngome ya Yesu mwaka 1593. Safari ya shule ilitupeleka Gedi kutazama magofu ya misikiti na visima, tukarudi tukiamini kwamba kabla ya hapo palikuwa na msitu mtupu uliokuwa ukisubiri wageni. Vilima vinavyoonekana kutoka ufukweni, ukigeuza shingo tu, vilitajwa pale tu msafara wa pembe za ndovu ulipovipitia. Kwa hiyo nilipofunga safari ya kwenda Panga ya Saidi, katika nyanda za juu za Dzitsoni, Kaunti ya Kilifi, nilikuwa na ugomvi wa siku nyingi na vitabu hivyo, na utalii ulikuwa kisingizio.

Panga, kama wanavyoliita pango Wamijikenda, liko takriban kilomita 15 kutoka baharini, kwenye ukingo wa mawe ya chokaa unaopanda juu ya uwanda wa pwani. Ukiondoka barabara kuu ya Mombasa na Malindi, hewa hubadilika upesi kuliko unavyotarajia: joto la chumvi hubaki chini, minazi na mikorosho huchanganyika na mashamba ya mahindi na mihogo, na udongo hugeuka mwekundu. Kipande cha mwisho nilikipanda kwa bodaboda na kisha kwa miguu. Kijana aliyekuwa akinielekeza alikataa katakata kutangulia kuingia kabla hatujaonana na mzee wa eneo lile, kwa sababu pale si mahali pa kuvamia.

Mzee tulimkuta nje ya nyumba yake akisuka kamba. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaniuliza nimetoka kwa nani na nimekuja na nia gani. Baada ya kuridhika na jibu langu akaniambia: "Mwanangu, pale huendi kutazama tu. Pale unabisha hodi." Alitufuata hadi mwanzo wa mteremko, akavua ndara zake, nasi tukavua viatu vyetu. Alitamka maneno ya Kichonyi kwa sauti ya chini, ya kutuombea ruhusa, na ndipo tukashuka.

Anayetarajia shimo jembamba la giza atashangaa. Chumba kikuu ni kipana, na sehemu ya paa lake iliporomoka zamani sana, hivyo mwanga wa jua huingia kutoka juu na kugusa sakafu. Mizizi ya miti iliyoota ukingoni imeteremka ukutani ikitafuta maji, mingine minene kama paja la mtu mzima. Kutoka hapo njia nyembamba zaidi huingia ndani ya mwamba, na huko ndiko waliko popo na harufu yao. Sakafu ni udongo mkavu, laini, usiotoa sauti ukiukanyaga kwa miguu mitupu. Katika mwanya mmoja wa mwamba niliona vipande vya kitambaa chekundu, cheupe na cheusi, chupa ndogo ya marashi iliyokwisha, na masizi ya ubani yaliyoshika jiwe. Sikuvigusa, na nilipoinua simu nipige picha mzee alinitikisia kichwa, nikairudisha mfukoni. Wakazi huja hapa kuomba mvua, kuombea wagonjwa na kuzungumza na mizimu ya wazee wao, jinsi wafanyavyo Wamijikenda wengine katika misitu ya kaya, yaani misitu mitakatifu ya vijiji vya kale vya wazee wao, iliyo jirani, kama Kaya Jibana, Kambe, Ribe na Kauma, ambayo tangu mwaka 2008 imo katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia.

Wanaakiolojia walianza kuchimba hapa mwaka 2010, watafiti wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya wakishirikiana na wenzao kutoka Chuo Kikuu cha Oxford na, baadaye, Taasisi ya Max Planck ya Ujerumani. Kwa macho yangu sehemu waliyoichimba haikuwa kubwa, na asiyeonyeshwa angeweza kuipita bila kujua. Kilichonisaidia ni picha aliyokuwa nayo yule kijana kwenye simu yake, ya ukuta wa shimo la uchimbaji wakati likiwa wazi. Nilisimama nikiikuza kwa vidole, na nilichokiona ni mistari: udongo wa hudhurungi, chini yake wa kijivu wenye majivu, kisha mwekundu uliokolea, kisha hudhurungi tena, kila mstari ukiwa na kibandiko kidogo cheupe chenye namba. Matabaka 19 yamehesabiwa, katika kina cha takriban mita tatu, na yote kwa pamoja yanabeba miaka 78,000. Ukigawanya kwa hesabu ya haraka, unene wa kidole kimoja cha udongo huo unaweza kuwa na vizazi vingi kuliko vyote vinavyotutenganisha na Wareno.

Tabaka la juu ni letu sisi, au tuseme la watu tunaowafahamu kwa majina: vigae vya vyungu, mabaki ya wakulima na wafua chuma waliofika katika miaka elfu mbili hivi iliyopita. Masimulizi ya Wamijikenda yanasema wazee walishuka kutoka Singwaya, upande wa kaskazini, wakakimbilia vilima hivi na kujenga kaya ndani ya misitu. Lakini masimulizi hayo hayo hayadai kwamba msitu ulikuwa mtupu. Yanawataja wawindaji waliokuwapo tayari, Walangulo au Waata kama wanavyojiita wenyewe, walioijua mitego, sumu ya mishale na njia za porini. Nimekuwa nikisikia habari hizo tangu utotoni bila kuzipa uzito, na nadhani wengi wetu tulizipokea hivyo, kama dibaji ya kuharakisha tufike kwenye habari yenyewe. Chini ya vigae ndipo udongo unapoanza kuieleza dibaji hiyo kwa urefu.

Matokeo ya kwanza makubwa yalichapishwa mwaka 2018, na yaliyonivutia zaidi hayakuwa yale yaliyopewa vichwa vya habari. Katika matabaka ya chini kabisa zana ni za aina iitwayo ya Zama za Mawe za Kati: mawe makubwa kiasi, yaliyotayarishwa kwa uangalifu kabla ya kupasuliwa. Ilipofika miaka 67,000 iliyopita zana zikawa ndogo ghafla, vipande vyembamba ambavyo huenda vilifungwa kwenye mipini au mishale, jambo linaloashiria kwamba namna ya kuwinda ilikuwa imebadilika. Kwa mujibu wa hadithi tuliyozoea kusimuliwa, kuanzia hapo ingepaswa kuwa kupanda ngazi tu, kutoka ushamba hadi ustaarabu. Pango linakataa. Baada ya hapo zana kubwa na ndogo zinachanganyika, mbinu za kale zinarudi na kutoweka tena, na hakuna tabaka hata moja ambalo unaweza kuliwekea kidole ukasema kwamba hapa ndipo akili ya binadamu ilipozinduka. Mfupa uliochongwa, kipande cha jino refu la mnyama kilichochongwa, mrija wa mfupa uliopambwa na vipande vya ngeu, ule udongo mwekundu wa kutilia rangi, vilipatikana katika matabaka ya kati ya miaka 48,000 na 25,000 iliyopita, lakini vinatokea na kupotea, havipangiki katika safu ya maendeleo.

Shanga nazo zina mwendo wao. Ya kale zaidi kupatikana hapa ina umri wa takriban miaka 65,000 na ilitengenezwa kwa kombe la bahari. Kuzunguka miaka 33,000 iliyopita makombe ya pwani ndiyo yaliyotumika zaidi. Baada ya miaka 25,000 iliyopita shanga za maganda ya mayai ya mbuni zikashika nafasi yake. Na baada ya miaka 10,000 iliyopita watu wakarudia makombe. Nilipomweleza mzee jambo hilo, hakushangaa hata kidogo. Alisema wanawake wa kwao pia hubadilisha shanga, na kwamba si kila badiliko lina sababu ya kumuuliza mwanamume.

Hapa ndipo nilipopata nilichokuwa nikikitafuta. Bahari haikuwahi kuwa mbali sana na pango hili, hata katika zama za barafu ambapo maji yalishuka, kwa sababu katika sehemu hii ya pwani sakafu ya bahari huteremka ghafla na ufukwe haukusogea mbali. Watu wa Panga ya Saidi waliifahamu bahari, ndiyo maana wakawa na makombe yake shingoni. Lakini hakuna ushahidi kwamba waliitegemea kwa chakula. Chakula chao kilitoka nchi kavu, msituni na kwenye mbuga za majani, wakiishi mahali ambapo mazingira hayo mawili yanakutana. Wako wanasayansi walioamini kwamba binadamu wa mwanzo walienea duniani kwa kufuata fukwe, kama njia kuu, wakila samaki na chaza. Matokeo ya hapa yanaitilia shaka nadharia hiyo. Kwangu mimi yanatilia shaka jambo dogo zaidi na la karibu zaidi, yaani dhana kwamba mtu wa Pwani lazima aanzie majini. Kwa sehemu kubwa sana ya muda ambao binadamu wameishi hapa, uso wao ulielekea msituni.

Sababu ya wao kudumu inaonekana ukisimama pale pale. Mwamba wa chokaa hunyonya mvua na kuihifadhi, miti hukingwa, na mahali palipo kati ya msitu na mbuga hapakosi cha kula hata pale mazingira ya upande mmoja yanapokuwa magumu. Watafiti wanaeleza kwamba mabadiliko ya hali ya hewa yaliyotikisa maeneo mengine ya Afrika Mashariki yalifika hapa yakiwa yamepoa. Mfano mmoja unatosha. Miaka 74,000 hivi iliyopita mlima wa volkeno wa Toba, katika kisiwa cha Sumatra nchini Indonesia, ulilipuka kwa nguvu kubwa kiasi kwamba wapo waliodai majivu yake yaliziba jua na karibu kuwamaliza binadamu wote. Katika ukuta wa shimo la Panga ya Saidi tukio hilo halionekani kuacha pengo lolote la watu. Waliendelea kuwasha moto na kupasua mawe, na kuanzia miaka 60,000 iliyopita dalili za watu kulitumia pango zinaongezeka. Nakiri kwamba habari hii ilinifurahisha kuliko inavyostahili.

Sasa niseme juu ya mtoto, kwa kuwa ndiye aliyelipa pango hili jina duniani. Mwaka 2013 wachimbaji walifikia vipande vya mfupa karibu na mwisho wa shimo, na haikuwa hadi mwaka 2017 ambapo lile shimo dogo la mviringo, lililochimbwa makusudi katika sakafu ya kale, lilionekana lote. Mifupa ilikuwa imeoza kiasi kwamba kila walipojaribu kuigusa iligeuka unga. Badala ya kuifukua mmoja mmoja, waliuzungushia udongo wote plasta, wakautoa kama bonge moja na kulisafirisha, kwanza hadi makumbusho ya Nairobi, kisha Ujerumani, na hatimaye hadi kituo cha utafiti wa mageuzi ya binadamu kilichoko Burgos, Hispania. Huko timu ya María Martinón-Torres ililifungua polepole, kwa zana ndogo na picha za eksirei. Meno mawili yaliyokuwa yakionekana ndiyo yaliyowapa uhakika kwamba wana binadamu mbele yao. Alikuwa mtoto wa umri wa kati ya miaka miwili na nusu na mitatu, aliyezikwa takriban miaka 78,000 iliyopita. Taarifa ilitoka Mei 2021, na kwa kuwa hakuna aliyejua jina lake, watafiti walimwita Mtoto.

Alilazwa ubavu wa kulia, magoti yakiwa yamekunjwa hadi kifuani. Sehemu ya juu ya mwili ilikuwa imebanwa kwa namna inayoonyesha kwamba alifungwa ndani ya kitu, labda majani au ngozi, kitu ambacho kwa lugha yetu hatuna budi kukiita sanda. Kichwa nacho kilikuwa kimeinama kuingia katika nafasi iliyobaki tupu, dalili kwamba kilikuwa kimewekewa mto wa kitu kilichooza baadaye. Kisha alifukiwa upesi, kwa udongo uliokwanguliwa kutoka sakafu ile ile ya pango, kabla mwili haujaharibika. Msomaji Mwislamu atatambua mara moja ubavu wa kulia na sanda. Sisemi kwamba kuna uhusiano, kwani kati ya kaburi lile na letu kuna umbali usioweza kuvukwa na desturi yoyote. Nasema tu kwamba niliposoma maelezo hayo kwa mara ya kwanza sikuhitaji kufafanuliwa walichokuwa wakikifanya.

Vyombo vya habari viliandika kwamba hili ni kaburi la kale zaidi duniani, na hilo si kweli. Ni kaburi la kale zaidi la binadamu wa aina yetu linalojulikana katika bara la Afrika. Makaburi ya kale zaidi yapo Mashariki ya Kati, katika mapango ya Qafzeh na Skhul huko Israeli, yenye umri wa kati ya miaka 90,000 na 130,000. Hapa Afrika, lililo karibu naye kwa umri ni la mtoto mchanga wa pango la Border Cave nchini Afrika Kusini, ambaye alizikwa na kombe la bahari lililotobolewa, na yule wa Taramsa nchini Misri, naye mtoto. Kwamba wote watatu ni watoto kumewafanya watafiti waulize kama vifo vya watoto ndivyo vilivyokuwa vikiwasukuma watu wa zama hizo kuchimba kaburi. Mimi naona ni swali zuri, lakini mifano mitatu katika bara zima ni michache mno kwa yeyote kutaka kulijibu.

Nilimwuliza mzee kama habari za Mtoto ziliwashangaza watu wa pale. Alinyamaza kidogo, akajibu kwa swali: "Kwani walidhani sisi tunapaheshimu bure?" Kisha akaniuliza kama ni kweli kwamba mtoto alipelekwa Ulaya, na kama huko kuna mtu aliyemwombea. Nilimweleza kuhusu plasta na unga wa mfupa, kwamba bila kazi ile asingejulikana alikuwa nani, na kwamba kwa sheria ya Kenya ya mwaka 2006 kuhusu makumbusho na urithi, vitu kama hivyo ni mali ya taifa popote vinapofanyiwa utafiti. Alisikiliza yote. Jibu langu lilikuwa sahihi, lakini halikuwa jibu la alichouliza, na nadhani watakaojenga siku moja kituo cha wageni mahali hapa watalazimika kuanzia kwenye swali lile badala ya kwenye vioo vya maonyesho. Nakala ya kaburi, itakayowekwa jirani na pango na si ndani yake, ingefaa sana. Watoto wa shule za Chonyi na Jibana wanastahili kuliona bila kupanda basi hadi Nairobi.

Kitu kingine kinachonitia wasiwasi ni mwamba wenyewe. Chokaa ile ile iliyotunza udongo wa pango ndiyo inayotengenezewa saruji, na mtu yeyote anayesafiri kati ya Mombasa na Kilifi ameona jinsi machimbo ya mawe yanavyokula vilima. Mapango mengi madogo ya ukingo huu hayajawahi kuchimbwa hata shimo moja la majaribio na wanaakiolojia. Misitu ya kaya imeponea kwa sababu wazee waliilinda kwa miiko kabla ya serikali kuilinda kwa sheria, na kwa maoni yangu mwiko umefanya kazi nzuri zaidi. Palipokatazwa kukata mti, wala kuingia na viatu, wala kupiga kelele, udongo wa miaka 78,000 ulibaki haujavurugwa.

Kwa anayetaka kwenda, asiende peke yake wala asiende kimyakimya. Aulize kwa wenyeji wa Dzitsoni, apelekwe kwa wazee, aseme nia yake kwa ukweli na atoe chochote atakachoombwa kwa ajili ya sadaka, ambacho kwangu hakikuwa kikubwa. Msimu wa masika aepuke, kwani mteremko huteleza na udongo mwekundu hushika miguu. Avae nguo za kusitiri, achukue maji na tochi kwa ajili ya vyumba vya nyuma, na aulize kabla ya kupiga picha, hata ya mizizi. Jiwe lolote atakaloliona chini, hata likionekana kama kokoto ya kawaida yenye ukingo mkali, aliache pale pale lilipo, kwa kuwa ni kosa kisheria kuondoa kitu cha kale, na kwa kuwa katika pango hili kokoto yenye ukingo mkali mara nyingi ina aliyeichonga.